Kroshia au sindano mbili? Jinsi ya kuchagua, kuanza na kuacha kugombana

Hili swali la kipi bora kati ya kroshia na sindano mbili linaulizwa kila siku na ugomvi ni uleule. Wa sindano mbili wanasema kroshia ni ya vitambaa vya makochi tu, nguo yake nzito na inakakamaa, wa kroshia nao wanajibu sindano mbili ni kupoteza muda, kitanzi kimoja kikichomoka basi kazi ya wiki nzima imekwenda na maji. Mimi nafanya zote mbili na msimamo wangu ni mmoja tu: kitu unachotaka kutengeneza ndio kinachagua, sio wewe na wala sio shangazi aliyekufundisha. Sweta ya mtoto ina mahitaji yake, mkoba una mahitaji yake, na ukilazimisha njia moja kwenye kila kitu utakuwa unatoa kazi nzuri nusu na nusu nyingine utasema uzi ulikuwa mbaya. Sasa ntakuonyesha namna ya kuchagua, namna ya kuanza kila moja hata kama hujawahi kushika uzi, namna ya kuhama kutoka moja kwenda nyingine, na mwisho namna ya kuzitumia zote kwenye nguo moja.

Anza kwa kuangalia nguo ulizonazo

Kabla hujanunua chochote chukua sweta ya shule, ya mwanao au ya jirani, isogeze karibu na macho. Utaona vi-V vidogo vimepangana wima, kimoja juu ya kingine, mistari mistari. Geuza ndani, utaona vinundu vya mlalo. Hiyo ni kazi ya sindano mbili, ingawa hiyo ya shule karibu kila mara imetoka kwenye mashine. Ivute kwa upande, inavutika, iachie inarudi. Sasa chukua kitambaa cha kochi, kile cheupe cha maua ambacho mama zetu wanafua na kupiga wanga kila sikukuu, utaona vinguzo vidogo vimesimama na kila kimoja kimefungwa kichwani, na kati yake kuna matundu. Kivute, kinagoma. Hiyo ni kroshia.

Tofauti yote inatokana na kitu kimoja. Kwenye sindano mbili vitanzi vyote vya mstari viko hai kwa wakati mmoja, ukiwa na vitanzi 80 vyote 80 vimekaa kwenye sindano vinasubiri zamu yao, na vimeshikana vyenyewe kwa vyenyewe. Kwenye kroshia kitanzi hai ni kimoja tu, kile kilichopo kwenye kulabu, yaani ile sindano ya kroshia yenye ncha ya ndoana, vingine vyote vimeshafungwa na havina habari na wewe tena. Ndio maana kazi ya sindano inavutika na inaweza kufumuka kwenda chini, na ndio maana kazi ya kroshia unaweza kuitupa kwenye mkoba, ukapanda daladala, ukashuka, ukaendelea bila kitu kuharibika. Kwenye kroshia unafumua mpaka pale ulipokosea, unatumbukiza kulabu kwenye hicho kitanzi kimoja, safari inaendelea. Ukilielewa hili mengine yote yanajipanga.

Dharau imetoka wapi

Hili nalisema kwa sababu limewaumiza watu wengi. Kufuma kwa sindano ni kazi ya zamani sana, kuna vipande vya soksi za pamba vilivyopatikana Misri vya kati ya karne ya 11 na 14 vyenye mapambo ya buluu na nyeupe ambayo hata leo ukimpa fundi ataumiza kichwa. Ulaya ikawa kazi ya vyama vya mafundi, wanaume wakiifanya kwa mshahara. Halafu mwaka 1589 huko Uingereza mtu anaitwa William Lee akatengeneza mashine ya kufuma soksi, na inasimuliwa Malkia Elizabeth wa Kwanza alikataa kumpa hati ya ugunduzi kwa kuwaonea huruma wafumaji wa mkono. Haikusaidia, mashine ilikuja tu, na ndio babu wa zile mashine zinazotoa masweta ya shule mpaka leo.

Kroshia tunayoijua sisi ilishika kasi baadaye sana, karne ya 19. Ile njaa kubwa ya viazi ilipoanza Ayalandi mwaka 1845 watawa, wa mji wa Cork hukohuko wakiwa mstari wa mbele, waliwafundisha wanawake na watoto kutengeneza lesi kwa kroshia, zikauzwa, watu wakapata chakula. Kwa sababu ilikuwa kazi ya maskini, na ilikuwa inaiga lesi za bei mbaya walizovaa matajiri, wenye nacho wakaibeza wakasema ni lesi ya bandia. Malkia Victoria mwenyewe alishika kroshia, mwaka 1900 uzeeni kabisa alifuma skafu nane zikapelekwa kwa askari waliokuwa vita vya Makaburu Afrika Kusini, lakini ile harufu ya kwamba kroshia ni ya watu wa chini haikuisha. Kwahiyo ukisikia mtu leo anasema kroshia sio ufumaji kamili, jua anarudia maneno ya watu waliokuwa wanawacheka wenye njaa. Mimi hapo huwa sinyamazi.

Na kuna jambo lingine wauzaji mnatakiwa kulishika kwa mikono miwili: sindano mbili zina mashine, kroshia haina. Kuna mashine zinazotoa vitambaa vinavyofanana na kroshia kwa mbali, lakini ukiangalia jinsi vitanzi vilivyoshikana ni ufumaji wa aina nyingine. Kwahiyo ile top ya kroshia unayoiona dukani bei ya kutupa, kuna mikono ya mtu imeifuma, na mtu huyo alilipwa kiasi kidogo mno. Sasa mteja anakuja kwako anasema "mbona sweta dukani ni bei chee," anakulinganisha na mashine. Usikubali. Andika uzi ulioutumia, andika masaa yako, kila saa ipe bei, jumlisha. Tuseme uzi ni shilingi 6,000 na umekaa masaa 8 na saa yako umeipa 1,500, hiyo ni 18,000 kabla hata ya faida, ukiuza 10,000 umemlipa mteja akuchukulie kazi yako. Uza vitu vichache kwa bei inayoeleweka.

Kuchagua kwa kitu unachotaka

Soksi, sweta ya kubana vizuri mwilini, kofia ya mtoto mchanga, glavu, chochote kinachotakiwa kuvutika na kulala laini kwenye ngozi, hapo ni sindano mbili bila mjadala. Ile mistari ya kuvutika kwenye mikono ya sweta, ribu, kwenye sindano inakuja yenyewe vizuri. Kroshia ina njia ya kuiga ribu na inapendeza lakini ni nene zaidi na hairudi vizuri ikishavutwa vutwa.

Mikoba, vikapu vya uzi, midoli, vitambaa vya meza na makochi, shuka la vipande vya mraba, maua, kofia za jua zenye ukingo, nguo za ufukweni, hiyo ni kroshia. Mkoba wa sindano mbili utaning'inia mpaka magotini ukiweka simu na funguo, wakati wa kroshia unasimama. Mdoli ndio usiseme, kwa sindano mbili unahitaji sindano nne au tano za ncha mbili mbili kwa ajili ya kizunguko kidogo, kwa kroshia unazunguka tu na kulabu yako moja.

Halafu angalia unakoishi. Mtu wa Njombe, Mbeya, Limuru au Nyeri anahitaji kweli sweta na soksi, atakula matunda ya sindano mbili mapema. Mtu wa Dar, Tanga au Mombasa akijifunza kwa kufuma skafu ya akriliki atamaliza na hataivaa hata siku moja, na kitu kisichovaliwa kinakatisha tamaa. Wa pwani anza na kroshia ya uzi wa pamba, top ya matundu au mkoba wa kwendea sokoni, utakitumia wiki hiyohiyo.

Uzi je? Kroshia inakula uzi zaidi kwa ukubwa uleule, hasa ukifuma kwa kubana, kwahiyo kama una madonge mawili tu na hujui kama utapata rangi hiyo tena, fikiria sindano, au fuma kroshia ya matundu. Kwa kasi kroshia inakimbia zaidi, ila ya kubana sana sio ya haraka kivile kama watu wanavyosema.

Na mikono. Kroshia inachosha kiganja na kifundo cha mkono mmoja, sindano inagawa kazi mikono yote. Ukiona kidole gumba kinauma badilisha kazi, ni sababu nzuri tu ya kujua zote mbili. Maumivu yasiyoisha hata ukipumzika mpelekee daktari.

Kuanza kroshia

Nunua sindano ya kroshia ya milimita 5 au 4, na uzi wa unene wa kati, kwenye karatasi ya donge mara nyingi kuna alama ya donge yenye namba 4 ndani yake, 3 ni mwembamba kidogo nao unafaa. Rangi iwe ya mwanga, krimu, pinki, njano ya maziwa. Uzi mweusi kwa anayeanza ni mateso, huoni vitanzi. Uzi wa manyoya manyoya nao uache kwanza. Na tafadhali usichukue ile sindano ya kroshia ya saluni ya kusukia nywele, ile yenye kigeti kidogo kinachofunguka na kufunga, ile imetengenezwa kuvuta nywele chini ya mistari ya kichwa, kwenye uzi itakukwamisha kila hatua. Ya dredi nayo ni nyembamba mno.

Tengeneza kitanzi cha kuteleza, kitie kwenye kulabu. Mkono wa kulia unashika kulabu, wa kushoto unashika uzi, upitishe juu ya kidole cha shahada uwe umetulia bila kukaza. Zungusha uzi juu ya kulabu, uvute upite ndani ya kitanzi, hiyo ni cheni moja. Piga cheni mpaka zote zilingane, na ukikuta kulabu inagoma kupita, umekaza. Kaa na cheni jioni nzima kama ni lazima, hiyo ndio pumzi ya kazi yote.

Sasa piga cheni 16. Acha ile iliyo karibu na kulabu, ingiza kulabu kwenye ya pili, zungusha uzi, vuta, una vitanzi viwili kwenye kulabu, zungusha uzi tena, vuta upite vyote viwili. Hiyo ni singo. Endelea mpaka mwisho, hesabu, lazima ziwe 15. Piga cheni moja, geuza, anza tena kwenye singo ya kwanza kabisa.

Hapa ndipo wengi wanapotea: kitambaa kinaanza mraba kinaisha pembetatu. Sababu ni moja, umeruka singo ya kwanza au umeisahau ya mwisho maana ya mwisho inajificha kwenye kona. Tiba yake ni pini ya kawaida ya kubania nguo, kila ukifuma singo ya kwanza ya mstari ichome pini, ukirudi utajua pale kwenye pini ndio pa kumalizia. Na hesabu kila mstari, kila mstari, mpaka jicho lizoee.

Ukitoka singo nenda dabo, unazungusha uzi mara moja kabla ya kuingiza kulabu, kisha unavuta mbili mbili mara mbili, na kwenye kugeuza unapiga cheni 3 ambazo zinahesabika kama dabo ya kwanza. Kuwa makini sana na maelezo unayofuata ni ya wapi, maana singo ya Wamarekani ndio Waingereza wanaiita dabo, na dabo ya Marekani ndio trebo ya Uingereza. Mtu anafuata maelezo ya Uingereza kwa macho ya Marekani, kofia inatoka ndefu mno, analaumu mikono yake. Ukiona maelezo yametaja singo kroshia jua ni ya Marekani, Waingereza hilo jina hawalitumii.

Kama lengo lako ni midoli, fomula ya duara ikae kichwani: cheni 2, singo 6 ndani ya cheni ya pili kutoka kwenye kulabu, raundi inayofuata singo mbili kwenye kila moja upate 12, inayofuata moja kisha mbili upate 18, inayofuata moja, moja, mbili upate 24, na kadhalika sita zinaongezeka kila raundi. Ukitaka kunyoosha kwenda juu acha kuongeza. Kichwa cha mdoli, kitako cha kikapu na kofia za kroshia nyingi vinaanzia kwenye hesabu hii.

Kuanza sindano mbili

Sindano za milimita 5, za mbao au mianzi kama unazipata maana za chuma zinateleza na vitanzi vinakimbia. Uzi uleule wa unene wa kati. Acha mkia wa kama nusu mita, anzisha vitanzi 20. Njia za kuanzisha ziko nyingi, we chukua moja ya mkia mrefu ambayo inatumia dole gumba, inatoa ukingo unaovutika.

Pleni: uzi uko nyuma. Ingiza sindano ya kulia kwenye kitanzi cha kwanza cha sindano ya kushoto, kutoka mbele kwenda nyuma, sindano zipishane. Zungusha uzi kwenye ncha ya nyuma, uvute uje mbele kupitia kitanzi, kisha kile cha zamani kiachie kidondoke kutoka kwenye sindano ya kushoto. Hivyo hivyo mpaka 20 zote zihamie kulia, badilisha mikono, anza tena. Ukifanya pleni kila mstari unapata kitambaa chenye matuta pande zote, kinalala vizuri, kinafaa skafu na blanketi la mtoto.

Palo ni pleni iliyogeuzwa. Uzi uko mbele, sindano inaingia kitanzi kutokea kulia kwenda kushoto kwa mbele, zungusha uzi, kisukume kitanzi kipya kitokee nyuma. Mstari mmoja pleni, mstari mmoja palo, unapata vile vi-V vya sweta. Pleni mbili palo mbili kwenye mstari huohuo, ukirudi unafuata unachokiona, unapata ribu.

Sasa watu wanaanza na vi-V, wanafika mistari kumi wanaona kitambaa kinajikunja kingo zote wanadhani wameharibu. Hujaharibu. Vitanzi vya palo vinasukuma upande mmoja na vya pleni upande mwingine, kwahiyo kitambaa cha V peke yake lazima kijikunje na pasi haitakisaidia kwa muda mrefu. Weka mistari 4 au 6 ya pleni tupu chini na juu, na vitanzi vitatu vya pleni pembeni kila mstari, kitatulia.

Na ile hofu kubwa ya kitanzi kuchomoka, wacha niieleze vizuri maana ndio inawafukuza watu wa kroshia. Kitanzi kikitoka kwenye sindano kinaanza kushuka mstari kwa mstari, na juu yake vinabaki vijiti vya uzi vya mlalo kama ngazi. Usivute chochote. Weka kazi mezani, upande wa vi-V ukuangalie wewe. Chukua sindano ya kroshia, ndio hiyohiyo ya wapinzani, ichomeke kwenye kitanzi kilichoanguka kutokea mbele, kamata kijiti cha kwanza cha ngazi kile cha chini kabisa, kivute kipite ndani ya kitanzi. Umepanda mstari mmoja. Kamata kinachofuata, vuta, panda, mpaka ufike juu, kisha kirudishe kitanzi kwenye sindano ya kushoto, mguu wake wa kulia ukiwa mbele. Vuta kidogo kitambaa kwa upande kijipange. Kwisha, na ukifanya polepole hakuna atakayejua kilipita wapi. Kila mfumaji wa sindano ninayemheshimu ana kroshia moja ndani ya mfuko wake kwa kazi hii, kwahiyo ule ugomvi ukiangalia vizuri mezani haupo.

Kwa kazi ndefu tumia uzi wa usalama, chukua sindano ya kushonea yenye uzi wa rangi tofauti uupitishe ndani ya vitanzi vyote vya mstari mmoja unaouamini, uache humo. Huko juu kukiharibika unachomoa sindano, unafumua kwa ujasiri, itasimama kwenye ule uzi.

Kuhama upande mmoja kwenda mwingine

Wa kroshia anayeenda sindano mbili: usikubali kufundishwa kushika uzi mkono wa kulia kama hutaki. Kuna namna ya Waingereza, uzi kulia unarushwa juu ya sindano, na kuna namna ya bara Ulaya ambapo uzi unakaa mkono wa kushoto juu ya kidole cha shahada na sindano ya kulia inauchota tu. Hii ya pili mkono wako tayari unaijua, ndio ulivyokuwa ukishika kwenye kroshia. Wengi wetu huku tulifundishwa ya Kiingereza shuleni au kwa watawa na tukadhani ndio pekee. Kitakachokusumbua ni palo, ambayo kwa mkono wa kushoto inataka mazoezi.

Wa sindano anayeenda kroshia shida yake ni kukaza. Kwenye sindano unene wa sindano ndio unapima kitanzi, kwenye kroshia kuna kipimo kingine, ule urefu unaouvutia kitanzi juu kabla ya kufunga. Wanaovuta karibu karibu nguo yao inakuwa fupi na ngumu. Panda kulabu ya ukubwa unaofuata, na hakikisha kitanzi kinakaa kwenye shina la kulabu sio kwenye shingo nyembamba ya mbele. Na jifunze kusoma pa kuingiza kulabu, chini ya nyuzi zote mbili za juu isipokuwa umeambiwa vingine, ukichukua moja tu unapata mistari na kitambaa chembamba.

Kwa wote, kile kipande cha majaribio usikiruke kama unatengeneza nguo ya kuvaa. Fuma mraba wa zaidi kidogo ya sentimita 10, ufue, uukaushe, halafu pima ndani vitanzi vingapi viko kwenye sentimita 10. Uzi namba 4 kwa sindano ya milimita 5 huwa kwenye vitanzi 16 hadi 20, kwa singo za kroshia ni chini ya hapo, 11 hadi 14 na kulabu nene kidogo. Kwahiyo maelezo ya sweta ya sindano huwezi kuyageuza kroshia kwa hesabu ileile ya vitanzi, utapata hema.

Wanaume pia mnakaribishwa, na hili sio geni, wale mafundi wa Ulaya walikuwa wanaume. Tom Daley mpiga mbizi wa Uingereza alipochukua dhahabu michezo ya Tokyo mwaka 2021 alionekana amekaa kwenye jukwaa la watazamaji na uzi wake anafuma, akatengeneza na kifuko cha kuhifadhia medali. Yeye anafanya kroshia na sindano zote.

Zote kwenye nguo moja

Hapa ndipo ninapopapenda. Sweta ya mtoto mchanga, mwili na mikono fuma kwa sindano ya milimita 5 maana unataka ulaini na kuvutika, halafu kingo, shingo na sehemu ya vifungo fanya kwa kroshia ya milimita 4 kwa sababu unataka pasimame na pasilegee mama akivuta kumvalisha. Chagua uzi unaofulika, pamba au akriliki laini. Sufu halisi ukiitia maji ya moto na kusugua inasinyaa hairudi tena. Matundu makubwa usiweke kwenye nguo ya mchanga, vidole vinanasa, na ndani ya soksi mikia ya uzi ifichwe kabisa isije ikajizungusha kwenye kidole cha mguu.

Ukimaliza mwili, funga vitanzi kwa kulegeza. Pachika kroshia kwenye kona ya chini mbele, vuta uzi, cheni moja, na anza kupiga singo kupanda pembeni. Kwenye upande wa mistari usipige singo kwa kila mstari, anza na singo 3 kwa kila mistari 4, unachukua mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, unaruka wa nne. Kwenye shingo ambako ni vitanzi vilivyofungwa piga moja kwa kila kitanzi, na kwenye kona piga tatu kwenye tundu moja ili igeuke bila kuvuta. Ukifika mwisho laza sweta mezani uitazame. Ukingo ukicheza mawimbi una singo nyingi, fumua upunguze. Ukivuta kitambaa kikajikusanya una chache, ongeza.

Raundi ya pili weka matundu ya vifungo, upande wa kulia kwa msichana, kushoto kwa mvulana kama unafuata mazoea, au popote kama hufuati. Pima kwanza kwa pini, umbali sawa. Ukifika kwenye pini piga cheni 2, ruka singo 2, endelea. Raundi ya tatu hizo cheni 2 unazipigia singo 2 ndani ya tundu lenyewe, ukingo unarudi imara. Vifungo vishone kwa uzi wa cherehani uliokunjwa mara mbili, sio kwa uzi wa sweta, na uvivute kwa nguvu kuvijaribu kabla hujampa mtu.

Fua kwa maji ya vuguvugu, usikamue kwa kusokota, ifungie ndani ya taulo uikandamize maji yatoke, kisha ilaze juu ya taulo kavu kivulini, inyooshe kwa mikono kingo zilingane, vi-V visimame wima. Usiianike kwenye kamba, ule mwili wa sindano utarefuka na ukingo wa kroshia utabaki ulivyo, na utaanza kutafuta kosa lilipo wakati kazi ilikuwa sawa.